Glopu ya Redio ya Mkwe Wetu

Gari moshi la Taveta halikuwa na haraka, nami siku ile nilikuwa na haraka isiyo na pa kwenda. Nilikaa na watu wetu katika behewa la abiria kutoka Voi mpaka Mwatate, kisha nikashindwa. Nikaenda nyuma, kwenye behewa la mizigo, kwa gadi, mtu niliyefahamiana naye kwa sababu nilikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya Voi, nikamwomba aniache nisafiri karibu na sanduku langu.

"Karani, sanduku haliibiwi ndani ya gari linalotembea," aliniambia.

"Siogopi kuibiwa. Naogopa linavyotikiswa."

Akanipisha. Nikakaa juu ya gunia, mkono mmoja juu ya sanduku, kama mtu anayemshika ng'ombe mgonjwa.

Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na amplifaya ya gita niliyoiunda mwenyewe. Miaka ya sabini ilikuwa michanga bado, na mjini Voi hakukuwa na duka la kuuza kitu kama hicho. Na hata lingekuwapo, nisingeliingia. Mbao zilikuwa za kasha la majani ya chai, nyembamba, nimezipaka rangi nyeusi. Bati la ndani na transfoma nilivitoa katika redio kubwa ya santuri iliyokufa ikiwa mali ya mwenye duka mmoja. Spika nilipewa na mtu aliyekuwa akizunguka vijijini kuonyesha sinema. Na valvu, zile chupa ndogo za kioo ambazo watu wengi waliziita glopu za redio, zilikuwa nne: mbili ndogo za mbele zilizopokea sauti ya gita ikiwa bado mnong'ono na kuikuza, moja nene iliyoisukuma sauti hadi kwenye spika, na ya mwisho ya kugeuza umeme. Nilikuwa nimejifunza kazi hiyo kwa kufungua redio za watu na kuomba Mungu zifungike tena.

Tulikuwa tunampeleka dada yangu kuolewa Njukini.

Dada huyu ndiye aliyenifuata kuzaliwa, na tangu baba yetu alipofariki alikuwa akiishi nami Voi. Alishona nguo za watu mchana, akapika jioni, na Jumamosi aliimba na bendi yetu katika ukumbi mmoja karibu na stesheni. Alikuwa na sikio kutushinda sote. Waya ukitaka kukatika, yeye alijua kabla yangu. Mchumba wake alikuwa kijana aliyeleta maharagwe Voi kwa lori, na alianza kwa kuja ukumbini kusikiliza muziki, akaendelea kuja mpaka hata mimi, niliyekuwa nimeinamia nyuzi, nikaelewa kwamba hakuja kwa ajili ya gita. Wazazi wake walikuwa Wakamba waliohamia Njukini zamani, wakafyeka pori, wakachimba mifereji, wakapata mashamba. Sisi ni Wadawida, Wataita wa milimani, na kwa kawaida harusi ingefungwa kanisani kwetu. Lakini wenyeji wa kule walikuwa wamemaliza kujenga kanisa jipya la mabati, wakaomba harusi ya kwanza humo iwe ya kijana wao. Mama alikubali. Dada naye aliomba jambo moja tu, kwamba bendi yake ipige.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyesimamia upande wetu. Kabla hatujapanda gari alinishika bega.

"Baba yako hayupo. Kesho wewe ndiye baba. Utakaa kitini, utaitwa, utajibu. Mambo ya gita waachie wenzako."

"Ndiyo, mjomba," nilijibu, na nilijibu kwa moyo. Ila wenzangu walikuwa mpiga ngoma, mtu mnene mpole ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuoka mikate, na mpiga gita wa pili aliyepiga gita lisilo na umeme. Hakuna kati yao aliyeweza kushika chuma cha kulehemia.

Baada ya Maktau, reli ilipoingia katika tambarare kavu na gari likapata kukimbia kidogo, nilisikia kitu ndani ya sanduku. Kilikuwa kisauti chembamba, kama kijiko kinachogusa kikombe. Nikabana sanduku kwa magoti, kikanyamaza. Nikaliachia, kikarudi. Gadi aliniangalia kwa muda.

"Una homa?"

"Hapana."

"Basi mbona unatetemeka mguu?"

Nilitazama mguu wangu, na kweli ulikuwa ukienda wenyewe.

Taveta tulipokewa na pikapu mbili za upande wa bwana harusi, tukafika Njukini jua likielekea kuzama, na mlima mkubwa ukiwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Tulikaribishwa sebuleni kwa baba yake bwana harusi. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na Kiswahili chake kilitembea polepole kwa mwendo wa Kikamba. Kwenye kona, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, palikuwa na redio ya mbao iliyounganishwa na betri ya lori. Watu walipokuwa wakisalimiana mimi nilijikuta nimesogea nyuma yake. Kupitia matundu ya kadibodi ya nyuma niliona valvu, na mojawapo ilikuwa ndugu wa zile zangu mbili ndogo, namba ile ile. Sikuwa na nia yoyote. Ni macho tu, hayakuwa na mahali pa kutulia.

Asubuhi, wanawake wakiwa wanamwandaa dada na moshi wa majiko ukipanda nyuma ya nyumba, tuliwasha jenereta iliyoazimwa kwa mkandarasi wa barabara. Niliunganisha gita. Valvu zikapata moto taratibu, nikapiga uzi mmoja.

Sauti ilitoka, lakini nyuma yake ilifuata nyingine: ngiiii, kama kengele ya baiskeli iliyoguswa kwa ukucha, ikabaki angani baada ya mimi kunyamazisha uzi. Nikapiga uzi mnene wa juu. Safari hii chini ya noti kukawa na mkwaruzo, chrrr, kama mdudu aliyefungiwa ndani ya debe.

Mpiga ngoma alikunja uso. "Hiyo ni nini?"

"Ni reli," nilimwambia. "Reli imezitikisa valvu."

Nilifungua mgongo wa sanduku. Kuna njia ya kuuliza valvu ina shida gani, na ni rahisi: unaacha mashine ikiwaka, sauti umeiongeza kiasi, kisha unachukua kijiti kikavu na kuigonga kila moja taratibu. Iliyo nzima inatoa kishindo kidogo tu kwenye spika, au haitoi hata hicho. Iliyolegea vitu vyake vya ndani inakuwa na masikio. Ukiigonga inalia, ukikohoa karibu yake inalia, na spika ikipaza sauti, yenyewe inaisikia sauti hiyo, inairudisha, nayo spika inaipaza tena. Niligonga valvu nene kwa kalamu ya risasi. Kimya. Ya kugeuza umeme, kimya. Ndogo ya pili, tok. Ndogo ya kwanza, hata kabla kalamu haijaondoka, ikalia ngiiii mpaka mbwa wa nyumba jirani akabweka.

"Ndiyo hiyo," mpiga ngoma alisema. "Itoe."

"Nikiitoa nitaweka nini?"

Mjomba alitokea kwenye kona ya nyumba akiwa na koti lake jeusi, akaniangalia nilivyopiga magoti ndani ya suruali ya harusi.

"Wazee wamekaa. Wanauliza baba wa msichana yuko wapi. Niwaambie nini, kwamba anaongea na sanduku?"

Nikaenda. Nilikaa kitini kama nilivyoagizwa, nikaitika salamu, nikaitwa, nikajibu. Kanisani nilimshika dada mkono kutoka mlangoni hadi mbele. Gauni lilikuwa lile alilolishona mwenyewe, na mkono wake ulikuwa baridi na mkavu. Katikati ya njia aliniambia bila kugeuza kichwa, midomo haikusogea sana, "Nimesikia kutoka chumbani. Ni ile ya kwanza, sivyo?"

"Ni yenyewe."

"Si ungezibadilisha nafasi zile ndogo?"

"Nitazibadilisha. Sasa nyamaza, unaolewa."

Mchungaji alihubiri juu ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba. Mabati mapya yalikuwa yakitanuka kwa jua, kila mara yakitoa mlio, ta, ta, nami kila yalipolia nilihisi ni valvu. Mama, aliyeketi kando yangu, aliweka kiganja chake juu ya goti langu na kukiacha hapo mpaka pete zikavishwa. Ulipofika wakati wa kuuliza nani anamtoa binti huyu, nilisimama, nikasema ni mimi, kwa niaba ya mama, marehemu baba na ukoo wote. Niliketi. Nilikuwa nimefikiri nitaona kitu moyoni, furaha au uchungu. Niliona tu kwamba nataka kutoka nje.

Tulipotoka, watu wakienda kwenye turubai kwa chakula, mimi nilikata kushoto. Nilizima mashine, nikazingoja valvu zipoe kidogo, nikazing'oa zile ndogo mbili na kuzibadilisha nafasi. Ile yenye masikio ikawa ya pili, mahali ambapo sauti imekwisha kukuzwa na mlio wake hauongezwi tena sana. Nikawasha. Nikapiga. Kengele ilikuwa imepungua, imekuwa kama kengele ya mbuzi aliye bonde la pili. Mkwaruzo wa chini ulikuwapo vilevile.

"Hii inatosha," mpiga ngoma alisema. "Watu watakuwa wanacheza. Nani atasikia?"

"Yeye atasikia."

"Yeye leo hana nafasi ya kusikia. Tuache, bwana. Twende tukale."

Alisema kweli. Lakini mkwaruzo ulinikera, na kwa kuwa kengele ilikuwa imetoka kwenye valvu ile, nilijiaminisha kwamba na mkwaruzo umo humohumo. Nikachukua kalamu. Nikaigonga, ikalia kidogo. Nikaigonga tena, na tena, nikiinamisha sikio, nikitafuta pembe ambayo ingeniambia. Kisha ikawaka ghafla nyeupe, kwa muda wa kupepesa ukope, ikazimika. Spika ikabaki na mngurumo mtupu. Nilipiga nyuzi zote kwa pamoja na hakuna kilichotoka.

Mpiga ngoma alikaa chini kwenye nyasi, akavua viatu vyake vya harusi vilivyombana, akavipanga vizuri kando.

Hapo ndipo nilipoikumbuka redio ya sebuleni.

Nilimkuta mjomba chini ya turubai akiwa na sahani mkononi, nikamvuta pembeni, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilinitisha.

"Unataka kwenda kumwomba mkwe wako akufungulie redio yake."

"Valvu moja tu, mjomba. Nitairudisha."

"Sisi ndio tumeleta mtoto. Leo hapa sisi tunapewa, hatuombi. Ukiomba kitu leo, hata chumvi, kesho dada yako ataambiwa, kwenu ni waombaji. Hujui mambo haya?"

"Najua."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nililetewa wali na nyama, nikala vijiko viwili. Mbele, kwenye meza ya maharusi, dada alikuwa ameinamisha macho kama inavyompasa bibi harusi, lakini vidole vyake juu ya kitambaa cha meza vilikuwa vikipiga mdundo, na niliutambua. Ulikuwa mdundo wa wimbo wetu wa kufungulia dansi. Nikasimama. Sikumtazama mjomba.

Mzee nilimkuta sebuleni, ameketi peke yake karibu na redio, kofia juu ya goti. Nilibaki mlangoni mpaka aliponiashiria.

"Mkwe, umeshiba?"

"Nimeshiba, baba. Asante." Kisha, kwa sababu nilijua nikianza kuzunguka sitafika, nikasema: "Baba, nimekuja na ombi, na najua leo si siku yangu ya kuomba. Mashine ya muziki imeunguza glopu. Redio yako inayo kama ile. Ningekuomba uniazime mpaka jioni."

Alinitazama, akaitazama redio.

"Unataka kuifungua hii."

"Ndiyo, baba."

"Na ikifa?"

"Nitakwenda Mombasa mwenyewe kutafuta nyingine."

"Na mjomba wako amekutuma?"

"Hapana. Amenikataza."

Jibu hilo lilimfanya ageuze kofia gotini, upande huu na upande huu. "Saa hii haiwezekani," alisema hatimaye. "Kuna taarifa ya habari ya saa saba. Mimi nasikiliza hiyo kila siku, hata siku niliyomzika mama yangu nilisikiliza. Kaa. Tukimaliza kusikiliza, utafungua."

Akawasha redio. Ilinguruma kwanza kama nyuki walioamshwa, kisha ikapata sauti. Majirani watatu wanne waliingia, wakaketi bila kuongea, na hapo nikajua kwamba ile haikuwa sebule tu. Ilikuwa mahali pao pa saa saba. Taarifa ilisomwa. Baada yake yakafuata matangazo ya vifo, majina na mahali na watoto walioachwa, na kila liliposomwa jina la sehemu ya kwao Ukambani mzee aliinua kidole, wote wakainamisha vichwa. Nje nilisikia mtu akiuliza muziki uko wapi. Nilijaribu kukaa kama walivyokaa. Nilihesabu maua ya kitambaa cha meza, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

"Mkwe," mzee alisema taratibu, macho yakiwa kwenye redio, "huo mguu."

Niliushika kwa mikono miwili.

Matangazo yalipokwisha alizima mwenyewe, akageuza redio mgongo wake mbele, akaenda kuleta bisibisi. Hakunipa. Alifungua skurubu zote kwa mkono wake, akazipanga ndani ya kofia. "Onyesha," aliniambia. Nikaonyesha. "Itoe wewe, mimi sitaki kuwa ndiye." Nikaizungusha taratibu, nikaing'oa, ilikuwa moto, nikaifunga ndani ya leso yangu. Majirani walitazama kama watu wanaotazama jino likitolewa.

Niliirudisha valvu nzima mahali pa pili, ya mzee nikaiweka mahali pa kwanza, karibu na mlango wa sauti, nikawasha, nikangoja ipate moto. Niliigonga kwa ncha ya kidole tu, kwa adabu. Tok. Nikapiga uzi mwembamba. Ulitoka safi, ukafa ulipotakiwa kufa. Mpiga ngoma alianza kuvaa viatu. Kisha nikapiga uzi mnene.

Chrrr.

Niliweka gita chini. Nakumbuka nilitembea mpaka kwenye mfereji wa maji uliopita nyuma ya migomba, nikarudi, nikaenda tena. Kila valvu nilikuwa nimeigonga. Nilizishika moja moja kwa leso mashine ikiwaka, mpiga ngoma akipiga uzi ule ule, na hakuna iliyobadilisha chochote. Watu walikuwa wameanza kupiga makofi chini ya turubai, yale makofi ya kuuliza.

Msichana mmoja alikuja akasema bibi harusi ananiita. Nikaenda mbele ya watu wote, nikainama kando ya kiti chake. Bwana harusi alijifanya anaongea na msimamizi wake.

"Kaka, hiyo ya chini si valvu," dada alisema.

"Unajuaje?"

"Valvu inalia baada ya noti. Hiyo inalia pamoja na noti. Ni mbao. Nimeisikia tangu Voi, ilikuwa ndogo. Toa mashine nje ya sanduku."

"Nikiitoa niiweke wapi?"

"Popote pasipotikisika." Alinyoosha kitambaa cha meza. "Na ukishamaliza, uje ukae. Tangu jana hujakaa na mimi."

"Nitakuja."

Nilirudi nikaing'oa mashine kutoka kwenye kasha la chai, bati lote na valvu zake, nikaacha spika peke yake ndani. Mpiga ngoma alizunguka nyuma ya ghala akarudi amebeba gunia la maharagwe begani. Alilitupa chini, akalibonyeza katikati kwa ngumi akatengeneza shimo, nami nikailaza mashine humo kama yai. Tukabana ubavu wa kasha kwa jiwe. Nikapiga uzi mnene, nikauacha ulie mpaka mwisho wake. Hakukuwa na mdudu ndani yake. Nilikuwa nimezoea mkwaruzo ule kwa miezi bila kujua kwamba nimeuzoea.

Tulipiga mchana wote uliobaki. Wanawake wa Kikamba walicheza mabega, wa kwetu wakacheza viuno, baadaye wakachanganyika na kila mtu akacheza alichokiona kwa jirani. Mjomba alikaa wimbo wa kwanza na wa pili, mikono juu ya fimbo. Wa tatu mama alimwinua. Mzee mwenyewe hakucheza. Alileta kiti chake, akakiweka karibu na gunia, akaketi akiilinda glopu yake, na watoto waliokaribia aliwafukuza kwa kofia. Dada hakuimba. Alikuwa ameniambia mapema kwamba ataimba wimbo mmoja hata wakimsema, lakini ilipofika zamu hiyo alinitikisia kichwa kutoka mezani, nami nikaupiga bila maneno. Mpaka leo sijui kama alikatazwa au ni yeye aliyeona vema hivyo. Kwenda kukaa naye sikwenda. Wimbo mmoja ulizaa mwingine.

Jua lilipogusa migomba mzee alisimama. "Taarifa ya saa moja," alisema. Sikubishana. Nilipiga mpaka mwisho wa mzunguko, nikazima, nikangoja, nikamrudishia valvu ndani ya leso. Watu walinung'unika, kijana mmoja akasema mzee huyu ataoa redio. Tulimfuata sebuleni, nikaichomeka, akafunga skurubu zake, akawasha. Ilinguruma kama nyuki, ikasema. Mzee alitega sikio upande mmoja, kisha mwingine.

"Ina kitu," alisema.

"Kitu gani, baba?"

"Sijui. Haikuwa hivi."

Mimi sikusikia chochote, na majirani nao hawakusikia. Lakini kuanzia siku hiyo, kila tulipokutana, kwenye ubatizo au msiba, jambo la kwanza baada ya salamu lilikuwa kwamba redio yake ina kitu. Sikujua kama ni malalamiko au ni namna yake ya kuniita mtu wa nyumbani. Mombasa nilimnunulia valvu mpya, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka kabatini bila kuifungua karatasi.

Asubuhi iliyofuata tuliondoka. Dada alikuwa tayari amevaa leso kiunoni na kushika ufagio, akifagia uwanja uliojaa mifupa na majani, kwa sababu bibi harusi wa huko haonekani akilala. Nilimkuta amenipa mgongo.

"Hukuja kukaa," alisema.

"Muziki ulinishika."

"Muziki haukushiki, kaka. Wewe ndiye unaushika." Hakusema kwa hasira. Alifagia mpaka alipofika miguuni pangu, nikasogea, akafagia mahali niliposimama. "Nenda, gari litawaacha. Umwangalie mama. Na ule chakula, si chai tu."

Nilitaka kumwambia jambo. Pikapu ilipiga honi, mjomba akaita, nikamshika bega, nikaenda.

Katika gari moshi sikwenda kwa gadi. Nilisimama dirishani, mama amelala akiegemea nguzo, mjomba akizungumza na kila aliyeingia juu ya harusi ile, jinsi ilivyofana na jinsi sisi tulivyokaa kwa heshima. Alipofika kwenye habari ya muziki aliniangalia kidogo, akaendelea, akasema tulipiga vizuri sana. Wao walishuka Mwatate kupanda milimani. Voi wenzangu wa bendi wakaenda makwao, nikabaki peke yangu na kasha la chai, mashine na gita, nikavibeba kwa awamu mpaka chumbani.

Nilisonga ugali, ukawa mgumu, nikaula nimesimama. Nikaiweka mashine mezani nikataka kuunganisha, nikaona sina la kutafuta ndani yake. Nilitoka nikatembea kuelekea upande wa Ndara mpaka nyumba zikaisha, nikarudi, nikawa nimekaa kitandani na viatu miguuni mlango ulipobishwa hodi.

Alikuwa jirani yetu wa chumba cha mwisho, mama wa Kiislamu kutoka pwani, ameshika mbuzi ya kukunia nazi.

"Hujambo, mwanangu. Nimekuja kurejesha mbuzi ya dada'ko, aliniazima kabla sijaenda kwetu, nimerudi leo. Mwite basi nimpe mkononi, sipendi kuacha kitu cha mtu mlangoni."

"Hayupo, mama."

"Ametoka?"

Nilikuwa sijalisema neno lenyewe kwa mtu yeyote. Kanisani nilisema ni mimi ninayemtoa, lakini yale yalikuwa maneno ya kuandikiwa.

"Ameolewa," nilimwambia. "Ameolewa Njukini. Hatarudi hapa tena, ila kututembelea."

"Alhamdulillahi," alisema, akanitazama vizuri, na viatu vyangu, na sufuria lenye ukoko. "Basi mbuzi hii nikuachie wewe?"

"Mimi sijui kukuna nazi."

"Nitakaa nayo mimi," alisema. "Na kesho mchana usipike. Nitakuletea wali."

Nikamshukuru. Aliponipa kisogo niliuacha mlango wazi, nikavua viatu.